Mahindi ya ethanoli hayapotei yote

Wengi huamini kwamba kila gunia la mahindi linaloingia kiwanda cha ethanoli, pombe inayotumika kama mafuta ya magari, limetoweka kabisa kwenye chakula. Sivyo. Hamira hula sukari inayotokana na wanga tu, ikaigeuza kuwa pombe na kaboni dioksidi. Protini, mafuta na nyuzinyuzi hubaki kwenye machicha, ambayo hulishwa ng'ombe, nguruwe na kuku. Kwa uzito, karibu theluthi moja ya mahindi hurudi kwa njia hiyo.

Lakini hilo halifuti madhara. Nchini Marekani, ambako sheria ya 2005 ililazimisha nishati hii ichanganywe kwenye petroli, zaidi ya theluthi moja ya mavuno ya mahindi huenda kwenye ethanoli. Mahitaji hayo husukuma bei juu, na anayeumia kwanza ni maskini anayenunua nafaka.