Msuli umesinyaa, rifleksi bado kali

Wengi wanaoletwa kliniki kwangu hapa Kigoma na ugonjwa wa neva za mwendo, ule unaofupishwa ALS, huwa wameshaambiwa ni kiharusi. Siwalaumu waliosema hivyo: mkono umelegea, maneno mazito, presha ipo. Ila kiharusi humwangusha mtu ghafla. Huu unatambaa. Mvuvi anashindwa kufunga fundo la wavu, baada ya miezi anashindwa vifungo vya shati, kisha mkono wa pili unafuata. Na hana ganzi hata kidogo.

Amri ya kusogeza mkono hupita kwa seli mbili: moja inatoka ubongoni hadi uti wa mgongo, ya pili inaipokea na kuipeleka kwenye msuli. Ikifa ya chini, msuli husinyaa, nyama huchezacheza na rifleksi, ule mruko wa kiungo kikigongwa, hupotea. Ikifa ya juu, kiungo hukakamaa na rifleksi huwa kali. Daktari Jean-Martin Charcot wa Paris alionyesha mwaka 1869 kwamba katika ugonjwa huu zote mbili hufa pamoja. Kwa hiyo natafuta mambo yasiyopaswa kukaa pamoja: kiganja kimebonyea chini ya kidole gumba, lakini nikigonga kwa nyundo ya mpira mkono unaruka. Vigezo vya utambuzi vya Gold Coast (mji wa Australia) vya mwaka 2020 vinakubali utambuzi huo kwa dalili za juu na za chini katika eneo moja la mwili, mradi hali inazidi na magonjwa mengine yameondolewa.

Halafu ulimi. "Shikamoo mzee. Fungua mdomo, ulimi uache ndani, usiutoe." Ulimi uliotolewa nje hutetemeka kwa mtu yeyote. Uliotulia mdomoni ukiwa mgonjwa, juu yake hupita mawimbi madogo, kama maji ya ziwa dagaa wanapopita chini yake. Nikiyaona hayo, matumaini yangu kwamba shida ni pingili za shingo hupungua sana.

Pingili zenyewe huniumiza kichwa, maana zikibana uti wa mgongo mikono husinyaa na miguu hukakamaa vilevile, na hilo linatibika. Ndiyo sababu nang'ang'ania picha ya MRI ya shingo hata kama ni safari ya mkoa mwingine. Napima pia VVU na tezi ya shingo.

Na kwa kuwa huku tunakula ugali wa muhogo, nauliza habari za konzo, kupooza kwa miguu kunakotokana na muhogo. Muhogo mchungu ukilowekwa muda mfupi kwa sababu ya njaa au haraka, sumu ya sayanidi hubaki, na anayeula karibu peke yake bila samaki wala maharage anaweza kuamka miguu yote miwili imekakamaa. Huwapata zaidi watoto na kina mama. Konzo ilizuka Tarime mwaka 1985. Tofauti ni kwamba hugonga mara moja kisha hubaki palepale, na misuli haisinyai.

Dawa? Riluzole ipo tangu 1995 na huongeza miezi michache. Tofersen, ya mwaka 2023, ni ya wenye hitilafu kwenye jeni ya SOD1 tu. Kinachobadilisha siku za mgonjwa wangu mara nyingi ni amitriptilini, kidonge cha bei ndogo: hukausha udenda, na hutuliza kile kicheko au kilio kisichozuilika ambacho msibani huonekana utovu wa adabu. Maji matupu humpalia upesi kuliko uji mzito. Akianza kulala kwa mito mitatu na kuamka kichwa kinauma, mlete mapema. Ni kifua kinachochoka.

Katika utafiti, uhusiano wa jeni ya SOD1 na ugonjwa huu ulijulikana 1993 na wa jeni nyingine, C9orf72, mwaka 2011, na sampuli nyingi zilitoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Jeni za watu wa ukanda huu hazijachunguzwa vya kutosha, kwa hiyo naweka rejista ya wagonjwa. C9orf72 huweza kuleta pia ugonjwa wa akili unaobadilisha tabia, basi njoo na shangazi anayeujua ukoo. Nitauliza nani alipooza polepole, nani aligeuka mtu mwingine utu uzimani. Hata yule mnayesema alirogwa, nitajie: alianza mkono au mguu, na aliishi muda gani baadaye.