Je, wajua namna tundu la usalama linavyogunduliwa katika msimbo wa C bila programu kuendeshwa?

Katika mwalo wa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, boti ya mbao hukaguliwa ikiwa juu ya mchanga. Fundi huipitia ubao kwa ubao, hugonga, husikiliza, huchungulia kiungo ambacho kalafati yake imekauka, na hutoa uamuzi kabla chombo hakijaguswa na maji ya Ziwa Tanganyika. Ipo pia njia ya kuishusha ziwani na kungoja kuona maji yataingilia wapi. Njia hiyo haidanganyi, lakini huonyesha ule ufa tu ambao wimbi la siku hiyo limeupata. Wanaochunguza usalama wa programu zilizoandikwa kwa lugha ya C wanazo njia hizo mbili, na ile ya kwanza, ya kukagua msimbo, yaani maandishi ya programu, bila kuuendesha, huitwa uchambuzi tuli. Kama programu haijaendeshwa, basi, mkaguzi hujuaje kwamba itavuja?

Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, humwamini mwandishi wake kupita kiasi. Ukitenga nafasi ya baiti 16 katika kumbukumbu kisha ukaandika baiti 24, C haikukatazi. Baiti 8 za ziada humwagikia jirani. Tuchukue mfano wa kubuni wa mizani ya kidijitali ya kupimia dagaa mwaloni, ambayo karani huiandikia jina la boti, nayo hulinakili kwa amri ya strcpy katika nafasi ya baiti 16. Boti ikiitwa TUMAINI, hakuna neno. Ikiitwa MUNGU NI MWEMA KIBIRIZI, jina lina herufi 23 ukihesabu na nafasi zilizo wazi, kila moja ikichukua baiti moja, na C huongeza baiti moja ya sifuri ya kufungia, hivyo zinatimia 24. Jirani anayemwagikiwa anaweza kuwa bei ya kilo, au anwani inayoielekeza programu irudi wapi ikimaliza kazi, na mdukuzi akiweza kuiandika anwani hiyo apendavyo, mizani si yako tena. Mojawapo ya njia alizopenyea mnyoo wa Morris, programu haribifu iliyojisambaza yenyewe katika intaneti tarehe 2 Novemba 1988, ilikuwa ya aina hii: programu iitwayo fingerd ilisoma maandishi kwa amri ya gets ndani ya nafasi ya baiti 512, na gets haijui kabisa ukubwa wa chombo inachomiminia. Amri hiyo iliondolewa katika kanuni rasmi za C mwaka 2011.

Ukaguzi wa kijuujuu kuliko wote ni wa kutafuta majina. Programu ya ukaguzi huwa na orodha ya amri zenye sifa mbaya, husoma msimbo kama maandishi ya kawaida, na kila ikikutana na strcpy hupiga kelele. Flawfinder ya David A. Wheeler hufanya kazi kwa msingi huo, nayo ina manufaa yake, hasa kwa mtu aliyerithi msimbo mkubwa na asijue aanzie wapi. Kasoro yake ni kwamba hulalamika hata pale neno la herufi mbili linaponakiliwa katika nafasi ya 16, jambo ambalo halimdhuru mtu.

Mkaguzi makini zaidi, ambaye naye ni programu, husoma msimbo kwa sarufi yake, kama unavyosomwa na kompaila, yaani programu inayougeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, kisha huchora ramani ya njia zote ambazo programu inaweza kupita. Kila sharti la “kama” ni njia panda, mfano wa reli ya kati ambayo ikifika Tabora hugawanyika, moja ikaelekea Mwanza na nyingine Kigoma, na mbele yake, pale Kaliua, ikachepuka nyingine kwenda Mpanda. Reli ina njia panda chache. Programu yenye masharti 30 yasiyotegemeana, kila moja likiwa na matawi mawili, ina njia 1,073,741,824, na hakuna mkaguzi atakayezifuata moja moja.

Hapo ndipo panapoingia wazo lililoelezwa na Patrick Cousot na Radhia Cousot mwaka 1977, ambalo binafsi naliona kuwa ndilo zuri kuliko yote katika fani hii. Badala ya kuuliza urefu wa jina ni ngapi, mkaguzi huuliza unaweza kuwa kati ya ngapi na ngapi. Tuseme mizani imeboreshwa, na sasa jina linatoka katika simu ya karani, ambayo hutuma kwanza namba ya urefu, kisha herufi zenyewe. Kabla ya sharti lolote, namba hiyo yaweza kuwa yoyote. Mwandishi akiweka sharti kwamba anakili ikiwa tu urefu ni chini ya 16, mtu husoma na kuridhika. Mkaguzi haridhiki. Ikiwa namba hiyo imetangazwa kuwa ya aina inayokubali hasi, basi hasi 1 nayo ni chini ya 16, hivyo hupita mlangoni bila kuulizwa. Kisha amri ya kunakili iitwayo memcpy, ambayo haijui hasi, huisoma katika mashine ya biti 32 kuwa 4,294,967,295. Jicho la binadamu huliruka kosa hili kwa urahisi, ilhali hesabu ya mipaka hulikuta bila kuhitaji mtu yeyote atume hasi 1.

Hata hivyo, mkaguzi lazima ajue maji yanaingilia wapi. Hufuatilia data kuanzia inapotoka kwa mtu asiyeaminika hadi inapotumika kama kipimo, na asipokitambua chanzo hatakuwa na la kufuatilia. Ndivyo tundu liitwalo Heartbleed lilivyojificha katika OpenSSL, programu ya kusimba mawasiliano ya mtandaoni, tangu toleo la Machi 2012 hadi lilipotangazwa Aprili 2014. Mtumaji alidai kwamba ujumbe wake ulikuwa na hadi baiti 65,535, wakati alikuwa ametuma chache mno, nayo seva iliamini dai hilo na kumrudishia kiasi alichotaja, ikichota kilichosalia katika kumbukumbu yake yenyewe, zikiwemo siri za watu wengine. Wahandisi wa programu ya ukaguzi iitwayo Coverity walipolitafakari tukio hilo walitumia dokezo la werevu: namba ambayo programu inaigeuza mpangilio wa baiti zake karibu kila mara imetoka katika mtandao, kwa hiyo ishukiwe tangu hapo.

Kelele za bure hazitaisha, na sababu si uvivu wa mafundi. Mwaka 1953 Henry Gordon Rice alithibitisha kwamba hakuna njia moja ya jumla inayoweza kuamua, kwa kila programu, swali lolote la maana kuhusu tabia yake. Mkaguzi huchagua ama kushuku hata kisicho na hatia, ama kuyaachia baadhi ya makosa yapite. Nafuu hupatikana msimbo ukiandikwa kwa nidhamu: mnamo Novemba 2003 mkaguzi aitwaye Astrée alithibitisha kwamba programu ya uongozaji wa ndege ya Airbus A340, yenye mistari 132,000 ya C, haikuwa na kosa lolote la aina alizokuwa akizitafuta.

Kwa mtu wa kawaida, Cppcheck hupatikana bure, na kompaila ya GCC ina mkaguzi wake tangu toleo la 10 la mwaka 2020. Turudi sasa katika mizani yetu ya awali, ile ya karani mwenye kuandika kwa mkono. Mwandishi akiacha strcpy na kulisoma jina moja kwa moja kwa fgets, akaipa kikomo cha 16, hakuna kinachomwagika, na mkaguzi hunyamaza. Lakini fgets itachukua herufi 15 za kwanza, MUNGU NI MWEMA na nafasi inayofuata, na neno lililobaki litangoja kwenye foleni. Mzigo unaofuata utaandikiwa boti iitwayo KIBIRIZI, ambayo haipo, na juu ya hilo mkaguzi hatasema kitu, kwa kuwa katika kumbukumbu hakuna kilichovuja.