Jamani, sonona ipo hata kwenye ukoo mkubwa

Wiki hii nimeambiwa tena, na safari hii na mwalimu kabisa: eti sonona, huu ugonjwa wa akili wa huzuni isiyoisha, ni ya Dar, huko watu wanaishi na mageti, huku Masasi kila mtu ndugu yako, kijana atakuwaje mpweke? Nimechoka kulijibu mdomoni, naliandika.

Mi ni muuguzi wa afya ya akili, na vijana wanaokuja kwangu karibu wote wana ndugu kibao. Hawaji wakisema nina sonona, wanakuja na kichwa, moyo kwenda mbio, usingizi hakuna, malaria inapimwa haipo, anapewa panadoli anarudi nyumbani. Ukishamwomba shangazi aliyemsindikiza akakae nje kidogo ndo unasikia habari yenyewe.

Kuwa na watu kunakinga, sibishi. Mwaka 2010 watafiti Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148, watu zaidi ya laki tatu, wenye mahusiano imara uwezekano wao wa kuendelea kuishi ulikuwa juu kwa asilimia 50 kuliko wa wenye mahusiano hafifu. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni pale mnapohesabu vichwa. Cohen na Wills walishaonyesha mwaka 1985 kwamba kuwa na watu wengi kunasaidia kwa ujumla, ila stresi ikikubana kweli kinachokukinga ni kujua moyoni kwamba yupo wa kumwendea na akakusikiliza.

Sasa huku kwetu, Wamakonde, Wayao, Wamwera, ukoo unafuata upande wa mama, mjomba ndo mwenye neno. Kijana akikosana na mjomba anaenda wapi? Baba atamwambia kamwone mjomba wako. Shangazi akijua leo, kesho kikao kizima kinajua. Ndugu arobaini na wote mlango wao mmoja! Alafu ndugu haohao wanamtegemea, msimu wa korosho ukifunguka Oktoba simu zinaanza, mchango wa ngoma, ada ya mdogo wako, na aliyerudi mikono mitupu kutoka mjini ataulizwa mbele za watu.

Na hata msaada wenyewe una namna. Bolger na wenzake mwaka 2000 waliwafuatilia watu waliokuwa wanajiandaa na mtihani mgumu wa uwakili New York pamoja na wenzi wao, wakakuta msaada uliotuliza zaidi roho ni ule ambao mwenzi alisema ametoa lakini mpokeaji hakuuona kama msaada. Hili naliona kila siku. Mjomba anatoa elfu ishirini alafu anaisema kikaoni, kijana anarudi kwangu hali mbaya kuliko mwanzo. Mwenzake wa kijiwe cha bodaboda anamwambia tu "chukua huyu abiria, mi nasubiri mwingine", hakuna hotuba, na jioni jamaa amekula. Msibani ndo usiseme, unga utaletwa, kuni zitaletwa, watu watalala hapo, lakini kijana aliyefiwa na mama yake ataambiwa jikaze wewe mwanaume, na matanga yakishaanuliwa hakuna anayerudi kumuuliza unalalaje.

Kinachonisumbua ni hiki: sonona yenyewe inamfanya mtu ajitenge. Nikimkuta kijana hana wa kuongea naye, sina uhakika kama upweke ndo ulileta ugonjwa au ugonjwa ndo ulifukuza watu, mara nyingi naona vyote vinazungukana. Kwa hiyo kumwambia "toka nje, changanyika" kunaweza kusaidia, kunaweza kusifue dafu.

Wanaosema basi tuwaachie wazee, sawa, Zimbabwe walifanya hivyo. Dk. Dixon Chibanda alianza Harare mwaka 2006 na akina bibi wanaokaa na wagonjwa kwenye benchi, na utafiti wa 2016 ulionyesha dalili zilipungua kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Ila bibi wale walifundishwa, walisimamiwa, na walitunza siri. Hayo matatu ndo msiyaruke.

Na akianza kuongelea kufa msiitishe kikao cha ukoo, mleteni hospitali siku hiyohiyo. Najua mnaogopa, kujaribu kujiua bado ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, ndo maana ndugu wanatuambia ilikuwa ajali na sisi tunatibu ajali. Tuambieni ukweli tumtibu kinachomuua.