Miembe kumi haikupi dola za hewa ukaa

Tangu maneno ya biashara ya hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni dioksidi inayoshikwa na miti, yaanze kuzagaa Unguja na Pemba, sisi watu wa misitu simu hazitulii na swali ndo lile lile, nimepanda miembe kumi nalipwa lini? Jamani! Mti ukikauka karibu nusu ya uzito wake ni kaboni, na kilo moja ya kaboni ni sawa na kilo 3.67 za hewa ukaa, kwa hiyo mwembe wenye kilo 500 kavu una kama kilo 250 za kaboni, sawa na kilo 917 tu za hewa ukaa, yaani hata tani haijatimia, na huo ni mwembe mkubwa si mche wa masika iliyopita. Ndo maana miradi hukusanya wakulima wengi na kupima tena na tena kwa miaka. Anayekwambia lipia fomu leo mwezi ujao upokee dola, mpeleke kwa sheha.

Pesa ya karibu ni matunda. Mashokishoki na madoriani msimu ukifika hayatafuti mteja, mwembe wa kubebesha (uliounganishwa juu ya shina la mche mwengine) unaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na mkiacha mita 10 kwa 10 eka moja inaingia miti kama 40, katikati mnalima muhogo na mbaazi mpaka kivuli kizidi. Kwenye mapengo ya mikarafuu iliyokufa jazeni miti hiyo hiyo ya matunda. Ila doriani inataka udongo wa kina wenye unyevu, ukaipande kwenye mawe ya Micheweni kule Pemba halafu uje kutulaumu kwamba miche mibovu, hapo tutagombana.

Na "mti wangu, nakata nitakavyo" hiyo haipo. Sheria ya misitu namba 10 ya 1996 bado inafanya kazi. Unaanza kwa sheha, unakwenda ofisi ya misitu ya wilaya, afisa anakuja kuuona mti, ndo unapata kibali, na kusafirisha mbao napo uwe na kibali. Ukikamatwa huna kuna faini, kuna kifungo, na mzigo unaweza kutaifishwa.

La mwisho, hapa kwetu ardhi inaweza kuwa na mwenyewe na miti ina mwenyewe mwengine. Kama ni eka tatu za marehemu baba na warithi hamjaelewana, malizaneni kwanza ndo mtie saini mkataba wa hewa ukaa, maana mkataba wa miaka mingi juu ya mti wenye kesi utawarudisha mahakamani.