Boti mpya ya uvuvi: dhana potofu kuhusu mashine, betri na nyaya

Wengi huchagua mashine kwa miezi, betri kwa siku chache, na nyaya dakika ya mwisho. Nimefunga boti zangu na za jamaa, na karibu kila hitilafu niliyoitiwa ilitokana na kile kilichochaguliwa mwisho.

Dhana: Betri kubwa moja inatosha kwa kila kitu

Betri ya kuwashia ina bamba nyembamba nyingi ili itoe mamia ya ampea kwa sekunde chache, kisha ijazwe mara moja. Betri ya matumizi marefu ina bamba nene, hutoa umeme taratibu kwa saa nyingi. Ukiilazimisha ya kwanza izungushe mota ya umeme (ile ndogo ya kusogezea boti taratibu) mchana kutwa, itakufa mapema.

Jamaa mmoja aliniita akisema sonari yake mpya, yaani kioo cha kuonyesha samaki na kina cha maji, ni mbovu, inazima ovyo. Nikashika mita kwenye betri, yeye akageuza ufunguo. Volti 12.6 zikaporomoka hadi 9 na ushei, kioo kikawa cheusi, halafu nembo ikaanza kuchomoza upya. Sonari ilikuwa nzima kabisa! Stata, ile mota ya kuwashia mashine, ndiyo iliyokuwa ikiinyang'anya umeme. Tuliipa sonari betri yake ndogo, na haikuzima tena.

Na betri ya risasi na asidi iliyoandikwa Ah 100 (ampea mara saa) usiihesabie zote 100. Ukiishusha chini ya nusu kila safari unaifupishia maisha. Ikiwa imepumzika bila mzigo, volti 12.2 hivi maana yake ni nusu. Kipimo unachosoma mota ikiwa inazunguka hakikwambii kitu.

Dhana: Lithiamu ni kutoa ya zamani na kuweka mpya

Ni nyepesi kuliko ya risasi, na mimi naipenda. Lakini hupokea umeme kwa pupa, kiasi kwamba altaneta ndogo ya mashine, ile inayochaji betri, inaweza kuchemka. Kati yao iwekwe chaja ya kudhibiti mkondo. Chaja ya nyumbani nayo iwe ya lithiamu. Tena volti zake hukaa juu ya 13 karibu muda wote, kisha huanguka ghafla, kwa hiyo utahitaji kifaa kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0 usiichaji kabisa.

Dhana: Waya ni waya, mradi umeme unapita

Hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu kosa hili halionekani. Tuseme betri iko tezi (nyuma), mota ya umeme iko omo (mbele), mita 6 kati yao, na mota inakula ampea 50. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 12, si 6. Kwa waya wa shaba wa milimita mraba 6, utapoteza takriban volti 1.75 njiani. Betri inatoa 12.5, mota inapata 10.75, na karibu wati 88 zinageuka joto ndani ya waya. Mwenye boti atailaumu mota. Ukiweka waya wa milimita mraba 16, upotevu unashuka hadi volti 0.66 hivi. Mota ya volti 24 yenye nguvu ileile hutumia nusu ya ampea, ndiyo maana haihitaji waya mnene kama huo.

Unene si yote. Niliwahi kuchuna waya wa gari uliokuwa umefungwa botini: shaba ilikuwa nyeusi hadi kiganja kizima ndani ya mpira, na kwenye terminali kulikuwa na unga wa kijani. Chumvi hupanda ndani kama mafuta kwenye utambi. Tumia waya wa nyuzi nyingi uliopakwa bati, bana terminali kwa koleo lake, kisha funika kwa mpira wenye gundi unaosinyaa kwa joto. Kiungo cha kulehemu peke yake hukakamaa, na mtikisiko hukikata pembeni.

Dhana: Fyuzi ni ya kulinda kifaa

Kazi yake ya kwanza ni kulinda waya usiwake moto. Ukiiweka karibu na sonari, mita zote za waya unaotoka kwenye betri zimebaki bila ulinzi. Iweke karibu na betri: viwango vya ABYC, baraza la boti la Marekani, huanzia kwa kutaka fyuzi iwe ndani ya inchi 7, yaani sentimita 18 hivi, kutoka chanzo cha umeme.

Pampu ya ngama, inayotoa maji yanayokusanyika chini ndani ya boti, iwe na fyuzi yake na ichukue umeme kabla ya swichi kuu. La sivyo, utazima kila kitu uende kulala, na mvua inyeshe.

Dhana: Mashine ikizama zaidi ndivyo inavyosukuma zaidi

Lile bamba lililo juu ya propela likae takriban usawa na upande wa chini wa boti unaogusa maji. Likizama mno linakokota maji. Likipanda mno propela inanyonya hewa. Anzia hapo, kisha jaribu majini ukiwa na mzigo wa kawaida, uone kama mizunguko ya mashine kwa gesi ya mwisho inafika kwenye kiwango cha mtengenezaji.

Dhana: Sonari yenye wati nyingi ndiyo inayoona vizuri

Wati hazisaidii kitu kama uso wa transdusa, kile kipande cha sonari kinachokaa majini kutuma na kupokea sauti, umefunikwa na mapovu. Iwe mbali na propela, na isikae nyuma ya ribiti, tundu la maji au mkunjo wowote wa bodi. Usitoboe tezi siku ya kwanza. Ifunge kwanza kwenye kibao kwa klempu, kimbia nayo kwa mwendo wako wa kawaida, isogeze hadi mstari wa sakafu ya maji kwenye kioo uache kukatika, ndipo uchukue drili.