Moto wa Gabija: dini ya kale ya Walithuania ilipojificha na jinsi inavyorudi

Watu wakisikia kazi yangu ni kusoma dini za kale za Ulaya wananiuliza Zeus, wananiuliza Thor, wengine wananiuliza wale wachawi wa Uingereza, na ni sawa tu kwa sababu ndo wanaojulikana. Lakini mimi miaka yangu mingi imeishia Lithuania, kanchi kadogo pembeni ya bahari ya Baltiki, watu hawafiki milioni 3, na nikieleza kwa nini kule watu wanairudisha imani ya mababu zao inabidi nianzie jikoni, sio kwenye vitabu.

Nilikuwa kijijini Dzūkija, kusini mwa nchi, misitu ya misonobari mpaka unachoka, nyumbani kwa bibi mmoja Mkatoliki wa kweli kweli, rozari ukutani, picha ya Mama Maria juu ya kitanda. Jioni alifungua mlango wa jiko la kuni, akachukua chumvi kidogo kwenye kibakuli, akaitupa motoni, ikapasuka pasuka, akanong'ona kitu kifupi akafunga. Nikamuuliza bibi umesema nini, akaona aibu kidogo, akasema mama yangu alikuwa anafanya hivyo. Nikabembeleza ndo akaniambia maneno yenyewe: "Gabija, būk pasotinta", yaani Gabija, shiba.

Gabija ni moto. Sio mungu wa moto aliyekaa mahali huko anausimamia, hapana, ni moto wenyewe wa nyumba, na ni mwanamke. Analishwa chumvi. Usiku mama wa nyumba anakusanya makaa, anayafunika na majivu taratibu kama anayemfunika mtoto, anamwomba alale asizunguke nyumbani, na sehemu nyingine walikuwa wanamwekea bakuli la maji safi pembeni ili aoge. Humtemei mate, humkanyagi, humrushii takataka. Binti akiolewa, moto wa kwao ulikuwa unasafiri naye mpaka kwenye nyumba mpya. Ukristo ulipoingia yakatokea mambo ya kupendeza sana kwangu mimi ninayesoma haya, manake Gabija hakufukuzwa, alisogezewa jina: tarehe 5 Februari ni siku ya Mtakatifu Agata, na mpaka leo watu wanapeleka mkate kanisani ukabarikiwe, wanauweka ndani ya nyumba mwaka mzima kukinga moto.

Sasa ukielewa hapo utaelewa kwa nini huwa nakosa raha mtu akisema wanaoirudisha imani hii "wameitunga tu juzi". Kuna sehemu ni kweli na nitaisema chini. Ila sio yote.

Turudi nyuma kidogo. Lithuania ndo dola ya mwisho Ulaya watawala wake kubatizwa. Mfalme Mindaugas alibatizwa 1251 kwa sababu za siasa, akauawa 1263, na nchi ikaendelea na mambo yake. Mashujaa wa Msalaba wa Kijerumani, watawa wenye silaha waliopeleka Ukristo kwa upanga, walipigana na Walithuania kwa zaidi ya miaka mia. Majirani wa Walithuania, Waprusi, watu wa damu moja nao, walishindwa wakamezwa, lugha yao imekufa kabisa mwanzoni mwa karne ya 18, na jina lao likabaki kwa Wajerumani waliowatawala, hilo ni jambo linaniuma kila nikiliandika. Mwaka 1382 mtawala Kęstutis anakufa, anachomwa moto pamoja na farasi wake, silaha na mbwa wa kuwindia. 1382! Paris wakati huo kanisa kuu la Notre-Dame limeshasimama siku nyingi. Halafu mtawala Jogaila akataka taji la Poland, akabatizwa 1386, mwaka uliofuata akabatiza nchi, mwandishi wa Kipoland Jan Długosz anasimulia moto mtakatifu ukazimwa, vichaka vitakatifu vikakatwa, nyoka wakauawa. Samogitia, upande wa magharibi wa nchi, ikasubiri mpaka 1413.

Nyoka, ndiyo. Žaltys, nyoka asiye na sumu mwenye madoa ya njano nyuma ya kichwa, alikuwa anakaa chini ya jiko anawekewa maziwa, na kumuua ilikuwa kuita balaa.

Neno mpagani sisi tumelipata kwa wamisionari, na wengi wetu tumelisikia likisemwa juu ya mabibi na mababu zetu kwa kejeli. Kwenye Kilatini paganus ni mtu wa shamba tu, mtu wa kijijini. Kwa Lithuania hilo limekaa sawa sawa, kwa sababu baada ya 1387 mabwana na miji wakawa Wakristo na imani ya zamani ikabaki kwa wakulima, mpaka mwisho wa karne ya 16 Wajesuiti bado wanaandika kwenye ripoti zao kwamba vijijini watu wanaabudu Perkūnas, mwenye radi, na mialoni yake. Karne ya 17 mchungaji wa Kilutheri, Matthäus Praetorius, anaeleza mkulima kabla hajanywa anamwaga bia kidogo chini kwa ajili ya Žemyna, yaani ardhi, ndo kikombe kinazunguka. Msomaji wangu aliyewahi kuona tambiko hahitaji kueleweshwa hapo.

Nje ya jikoni, pengine pa kujificha ni nyimbo. Walithuania wanaziita dainos, na zimekusanywa tangu 1825 Liudvikas Rėza alipochapisha mkusanyo wa kwanza, leo kwenye nyaraka za Vilnius ziko mamia kwa maelfu. Humo jua ni mama anayefanya kazi tangu asubuhi anawapasha joto yatima, mwezi ni mume aliyemsaliti jua akatembea na nyota ya alfajiri, na Perkūnas anampasua kwa upanga, ndo maana mwezi unapungua. Hakuna padri aliyezuia mama kuimbia mtoto kwamba jua ni mama. Alafu kuna sutartinės, hizi ukizisikia mara ya kwanza unafikiri wamekosea, wanawake wawili au watatu au wanne wanaimba sauti zimekaribiana mno, zinagongana kama kengele mbili zilizotofautiana kidogo, na viitikio vyake havina maana kwa mtu yeyote leo: lylio, ratilio, sadauto. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa zinakufa, mapadri na wasomi waliziona ni kelele za washamba. UNESCO imeziweka kwenye orodha yake mwaka 2010. Nilishawahi kusimama katikati ya wanawake wanne wakiimba, sio mbele yao, katikati, na kifua kinatetemeka kabisa, nikaelewa kwa mwili wangu kwa nini watu wanasema huu ni muziki wa ibada.

Kwa hiyo vijana wa chuo kikuu Vilnius miaka ya 1960, chini ya Wasovieti, walipoanza kwenda vijijini kurekodi nyimbo walikuwa wanafikiri wanakusanya utamaduni, wakajikuta wameshika dini. Mmoja wao ni Jonas Trinkūnas, kazaliwa 1939 kafariki 2014. Mwaka 1967 wakaenda Kernavė, pale kwenye vilima vitano vya ngome za zamani juu ya mto Neris, wakaadhimisha Rasos, usiku wa katikati ya kiangazi, hadharani. Chama chao, Ramuva, kikatoka hapo. 1971 serikali ikakifunga chama, na 1973 Trinkūnas akafukuzwa kazi chuo kikuu. Kwa mkomunisti dini ilikuwa kosa na utaifa ulikuwa kosa, hawa walikuwa na vyote viwili mkono mmoja. Waliendelea kimya kimya, nyimbo, matembezi ya msituni, mpaka mambo yakafunguka 1988, na 1992 wakasajiliwa rasmi kama jumuiya ya dini, Romuva. Yeye na mkewe Inija Trinkūnienė waliunda kundi la waimbaji, Kulgrinda, 1989, na kwa maoni yangu kundi lile limeeneza imani hii kuliko mahubiri yoyote. Mume alipofariki mke ndo akashika uongozi, cheo kinaitwa krivė, kwa mwanamume krivis.

Kwenye sensa ya 2001 watu 1,270 walijiandikisha imani ya kale ya Kibaltiki, 2011 wakawa 5,118. Kwa nchi ile ya Kikatoliki sio mchezo.

Sasa kuna hili la sheria, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu linanigusa. Sheria ya Lithuania ya 1995 inataja dini 9 za jadi za nchi. Wakatoliki wamo, Waothodoksi wamo, Walutheri wamo, Wayahudi, Wakaraimu ambao dini yao iko karibu na Uyahudi, na Waislamu wa Kisuni pia wamo, manake Watatari waliletwa na mtawala Vytautas mwishoni mwa karne ya 14 na vizazi vyao wako pale mpaka leo, jambo zuri kabisa. Ile dini iliyokuwepo kabla ya zote hizo tisa haimo. Wengine wanaweza kuomba kutambuliwa na serikali wakitimiza miaka 25 ya usajili, na kutambuliwa maana yake ndoa zako zinahesabika kisheria, dini yako inaweza kufundishwa shule za serikali. Romuva walitimiza miaka wakaomba, wizara ya sheria ikasema masharti yametimia, maaskofu wakaandika barua ya kupinga, na 2019 bunge likakataa. Wakaenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg, na tarehe 8 Juni 2021 wakashinda: mahakama ikasema bunge halikuwa na sababu ya maana na serikali haikubaki katikati. Hata hivyo bunge likasuasua tena, mpaka Desemba 2024 ndo wakatambuliwa. Miaka mitatu na nusu baada ya hukumu! Nililia nilipopata meseji, siwafichi.

Tuje kwenye lile la kutunga. Kipi kipya? Mpangilio wote ni mpya, uongozi, kiapo, altari ya mawe iliyopangwa namna ile ile kila mahali, wanaiita aukuras. Cheo cha krivis kimetoka kwa Petro wa Dusburg, padri wa wale wale Mashujaa wa Kijerumani, aliyeandika 1326 kwamba huko Prusia kuna mahali panaitwa Romow na kuna kuhani mkuu anaheshimika kama Papa. Alikuwa anamwandikia Mkristo amwelewe, na wanahistoria wengi wanatilia shaka huyo "Papa" wa wapagani, na mimi niko upande wao. Yaani kilichoandikwa kwenye kitabu cha adui ndo dhaifu, na kilichobaki kwenye mikono ya bibi na chumvi yake ndo kigumu. Nimewaambia hivyo marafiki zangu wa Romuva uso kwa uso, wengine wanakubali.

Tofautisha na Uingereza. Wicca, dini ya wale wachawi wa Uingereza, imeanza kujulikana baada ya sheria dhidi ya uchawi kufutwa 1951, Gerald Gardner akachapisha kitabu 1954 akidai ni dini ya kale iliyofichwa, na utafiti haukumuunga mkono. Siidharau, watu wanaishi nayo vizuri, ila historia yake ni fupi. Iceland wako katikati: wao wana mashairi ya miungu yaliyoandikwa karne ya 13 na Wakristo, kile kitabu kikuu cha mashairi hayo kilirudishwa kutoka Denmark Aprili 1971, na mwaka mmoja baadaye, siku ya kwanza ya kiangazi 1972, mkulima mshairi Sveinbjörn Beinteinsson na wenzake wakaanzisha chama chao. Wao wana maandiko mengi na mazoea machache. Lithuania ni kinyume chake.

Na wapo waliochafua. Manazi walichukua alama za kale za Kijerumani wakazishona kwenye mavazi ya SS, kikosi chao cha kuogopwa, mpaka leo kuna wabaguzi wanavaa nyundo ya Thor kutisha watu. Mimi ni Mwafrika mweusi, naingia kwenye hizi sherehe na ngozi yangu, kwa hiyo huwa naangalia mapema nani yuko pale na kwa nini. Kernavė nilipokelewa kwa mkate na bia, bibi mmoja akanivisha taji la majani ya mwaloni, likawa kubwa likanishukia masikioni, akalikaza kwa uzi.

Ule usiku nauona mpaka sasa. Rasos maana yake umande. Jua linazama karibu saa nne usiku, giza lenyewe haliivi vizuri. Moto unawashwa juu ya kilima, mwali unaitwa kwa jina, Gabija, chumvi inarushwa, mkate, nafaka, bia inamwagwa chini. Nyimbo haziishi. Wasichana wanapeleka mataji yenye mishumaa mtoni yaelee, watu wawili wawili wanaruka moto wameshikana mikono, vijana wanajifanya kwenda msituni kutafuta ua la kangaga, na kangaga halitoi ua, wote wanajua. Karibu saa kumi na moja alfajiri kila mtu anageuka mashariki, kimya, sauti moja inaanza, zingine zinadakia, mstari mwekundu juu ya mto. Mama mmoja mtu mzima akavua viatu akainama, akapitisha viganja vyake kwenye majani marefu, akanawa uso, akaniita na mimi. Maji yalikuwa ya baridi sana na yananuka majani.