Cadbury hawakuvumbua chokoleti ya kutafuna

Watu wengi huamini kwamba Cadbury ndio waliobuni chokoleti ya kipande. Sivyo. Kipande cha kwanza kilichotengenezwa kwa kalibu kilitoka kwa familia ya Fry, mjini Bristol, Uingereza, mwaka 1847. Ile ya maziwa nayo ilibuniwa Uswisi na Daniel Peter, mwaka 1875.

John Cadbury alifungua duka Birmingham mwaka 1824, akiuza chai, kahawa na kakao ya kunywa, ambayo aliisaga mwenyewe kwa kinu na mchi. Alikuwa Quaker, dhehebu ambalo wenzetu wa Kaimosi, magharibi mwa Kenya, wanalijua vizuri, na alitaka watu wapate kinywaji mbadala wa pombe. Kiwanda kilifuata mwaka 1831.

Wanawe Richard na George walipokabidhiwa mwaka 1861, biashara ilikuwa taabani. Kakao ya siku hizo ilikuwa na mafuta mengi yaliyoelea juu ya kikombe, hivyo watengenezaji wakaichanganya na wanga wa viazi ili uyafyonze. Mwaka 1866 ndugu hao walianza kutumia mashine ya Kiholanzi ya kukamua mafuta hayo, yaani siagi ya kakao, wakauza unga usiochanganywa na kitu. Kwangu mimi, hapo ndipo walipostahili sifa: waliuza kakao safi wakati uchakachuaji ulikuwa jambo la kawaida. Siagi iliyokamuliwa ikawapa malighafi ya chokoleti za kula. Dairy Milk, chokoleti yao maarufu ya maziwa, haikuingia sokoni hadi 1905.